Kura ya Mkenya aliye Doha

Umeuliza kama dada yako aliye Doha, Qatar, anaweza kumtumia kaka yenu kitambulisho ampigie kura nyumbani Kakamega, au apige kwa posta. Hapana, hawezi, na kura ya posta Kenya hatuna. Kura ni ya mwenyewe, kwenye kituo alichojiandikisha, na hati ile ile aliyojiandikishia. Mashine ya IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, inasoma alama za vidole, sasa kaka atatoa vidole vya nani?

Ila akiwa Qatar hajafungiwa kabisa. Mimi nilipiga hapo hapo Doha Agosti 2022. Qatar ilikuwa kati ya nchi 12 zilizowekewa vituo, pamoja na Tanzania, Uganda, Marekani, Uingereza na nyinginezo. Ubaya ni kwamba ukiwa nje unamchagua rais peke yake. Gavana, mbunge, MCA (mwakilishi wa wadi), sahau.

Kama jina lake bado liko Kakamega, aombe uhamisho wa kituo mapema, kabla sajili ya wapiga kura haijafungwa, maana ikishafungwa itabidi apande ndege. Na ahakikishe Qatar imo tena kwenye orodha: IEBC hutangaza nchi upya kila uchaguzi. Mwaka 2013 zilikuwa za Afrika Mashariki tu.