CA-125 yako imesoma 68? Usikimbilie kutoa ovari

SWALI: Daktari, nina miaka 36, watoto wawili, naishi Umoja. Kambi ya afya ilikuja mtaani nikalipia kifurushi cha kupima mwili mzima. Majibu yote yalikuwa sawa isipokuwa CA-125, iliyosoma 68, na pembeni wakaandika "juu". Siku ile nilikuwa siku ya pili ya hedhi, na hedhi zangu huniuma sana. Mhudumu aliniambia ovari zimeanza saratani, akaniuzia unga wa kusafisha mwili wa wiki 3, halafu nirudi nipimwe tena. Shemeji ananishauri nitoe ovari mapema kabla mambo hayajaharibika. Nifanye nini?

JIBU: Usitoe kitu, dada. Na huo unga uache leo.

CA-125 ni protini, na haitengenezwi na saratani peke yake. Hutoka kwenye utando mwembamba unaofunika matumbo, mapafu na moyo, na pia utando wa ndani ya kizazi. Utando huo ukichokozwa na chochote, protini huongezeka kwenye damu. Hedhi huipandisha. Mimba changa, faibroidi, maambukizi ya mirija, ugonjwa wa ini na moyo ulioshindwa kusukuma damu vilevile. Endometriosisi, yaani utando kama ule wa ndani ya kizazi kuota nje yake, nayo huipandisha, na kwa mwanamke wa miaka 36 mwenye hedhi za maumivu makali, hiyo ndiyo ya kuchunguzwa kwanza. TB ya tumbo inaweza kuifikisha mamia, hata kupita 1,000. Wako wanawake waliopasuliwa wakidhaniwa wana saratani iliyosambaa, kumbe ni TB, ugonjwa wa kutibiwa kwa vidonge.

Sasa huo mpaka wa 35 ambao kila fomu ya maabara inauonyesha. Ulitokana na kazi ya Robert Bast na wenzake iliyochapishwa mwaka 1983. Kati ya watu 888 walioonekana wazima, asilimia 1 tu walivuka 35. Kati ya wagonjwa 101 wa saratani ya ovari, 83 waliuvuka. Ukiisoma hivyo utadhani ni kipimo cha ajabu. Lakini fanya hesabu mtaani. Kwa wanawake waliokwisha koma hedhi, saratani ya ovari humpata takriban mmoja kati ya 2,500 kwa mwaka. Pima wote 2,500: asilimia 1 ya wazima ni wanawake 25 wanaorudi nyumbani na karatasi iliyoandikwa "juu", kwa ajili ya mmoja ambaye huenda hata kipimo kisimwone, maana karibu nusu ya saratani za hatua ya kwanza haziipandishi CA-125. Katika umri wako saratani hii ni adimu zaidi, na sababu nyingine za kupanda ni nyingi zaidi.

Hili si wazo langu. Marekani walifuatilia wanawake 78,216 wa miaka 55 hadi 74, nusu wakipimwa CA-125 na altrasaundi kila mwaka, nusu wakiendelea na huduma ya kawaida. Matokeo yalichapishwa 2011: vifo vya saratani ya ovari havikupungua. Waliotiliwa shaka bure walikuwa 3,285. Kati yao 1,080 walipasuliwa, na 163 wakapata madhara makubwa ya upasuaji kwa ugonjwa ambao hawakuwa nao. Uingereza walirudia na wanawake zaidi ya 200,000, wakatoa majibu ya vifo mwaka 2021. Havikupungua. Shemeji asomewe aya hii polepole.

Kwako, fanya hivi. Kwanza pima mimba. Kisha nenda ukafanyiwe altrasaundi ya nyonga kwa njia ya uke, hedhi ikishakwisha. CA-125 irudiwe baada ya wiki 4 hadi 6, nje ya siku za hedhi, katika maabara ileile na kwa mashine ileile, kwa sababu mashine za kampuni tofauti hazitoi namba zinazolingana. Waombe waandike aina ya kipimo kwenye majibu. Ikiwa unameza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi, viache siku 2 au 3 kabla. Katika baadhi ya mashine hushusha namba kwa uongo.

Daktari wa kina mama hataiangalia hiyo 68 ikiwa peke yake. Huizidisha kwa alama za altrasaundi (0 kama hakuna dalili mbaya, 1 ikiwa moja, 3 zikiwa mbili au zaidi) na kwa alama ya hedhi (1 kama bado unaona, 3 kama zimekoma). Jibu la kuzidisha likipita 200, unapelekwa kwa mtaalamu wa saratani. Wewe ukiwa na sisti (kifuko cha maji kwenye ovari) yenye dalili moja: 68 × 1 × 1, ni 68. Mama wa miaka 60 mwenye uvimbe wenye sehemu ngumu na maji tumboni: 68 × 3 × 3, ni 612. Damu imesoma namba ileile kwa wote wawili.

Turudi kwa huo unga, maana hapa ndipo watu wanapoibiwa. Umetolewa damu ukiwa kwenye hedhi, namba ikapanda. Unakunywa unga wiki 3. Unarudi hedhi ikiwa imekwisha, namba imeshuka yenyewe, wanakuonyesha karatasi mbili na unatoka ukiwa shahidi wao. Ungekunywa uji wa wimbi wiki 3 namba ingeshuka vilevile. Na yule ambaye yake haishuki, huuziwa kopo la pili, huku endometriosisi au TB ikiendelea. Kama umeshaukunywa kwa siku kadhaa, beba kopo uende nalo kliniki, wapime ini.

Hivyo vifurushi vina hila nyingine. Viwango vingi vya kawaida vimewekwa ili asilimia 95 ya watu wazima waingie ndani. Mtu mzima akipimwa vitu 20 visivyohusiana, uwezekano wa kimoja kutoka nje ni asilimia 64. Anayeuza kifurushi ana karibu uhakika wa kupata cha kukutisha nacho. Hata vipimo vingine vya damu vinavyohusishwa na saratani viko hivyo: CEA hupanda kwa wavutaji sigara, AFP hupanda kwa wajawazito na wenye homa ya ini. Mashine ya kushika chuma mkononi inayotapika kurasa za ripoti kuhusu figo na ovari haijagusa hata tone la damu. Hiyo hata sitaijadili.

Dalili za kukupeleka hospitali bila kungoja namba yoyote ni tumbo kujaa kila mara, kushiba haraka, maumivu ya nyonga na kukojoa mara kwa mara, zikijirudia zaidi ya siku 12 kwa mwezi, hasa baada ya miaka 50. CA-125 ya 20 isikuzuie kwenda. Na kama mama au dada yako aliugua saratani ya ovari, au ya matiti akiwa kijana, mwambie daktari siku ya kwanza, kwa sababu hapo mpango mzima wa uchunguzi hubadilika.