Mbwa Anayejikuna: Maswali ya Wafugaji wa Mtwara na Lindi

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, na ninafuga mbwa dume wa miaka mitatu, chotara, anayelala uani chini ya mkorosho na kulinda nyumba usiku. Tangu mwaka jana anajikuna bila kupumzika. Hujiramba nyayo za mbele mpaka manyoya yake meupe yamegeuka rangi ya kutu, masikio yananuka, na kiunoni karibu na mkia amejiguguna mpaka ngozi imebaki wazi. Alichomwa sindano, akatulia kwa wiki chache, kisha hali ikarudi palepale. Majirani kila mmoja ana lake: mmoja anasema ni salfa ya mikorosho, mwingine anasema niache kumpa samaki, wa tatu amenipa chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, na fundi wa magari ameniahidi oili chafu. Wafuga mbwa mtaani kwetu hatuzidi watano na tunategemeana sana. Je, huu ni mzio au ni ugonjwa, na tunaweza kusaidianaje bila kumdhuru mnyama?
Msomaji, Naliendele

JIBU: Ndugu msomaji, kwa maelezo yako inaelekea mbwa wako ana mambo mawili au matatu kwa pamoja, na ndiyo maana kila jirani ameona upande mmoja akashikilia huo. Mbwa anayejiguguna kiunoni na kwenye shina la mkia humfanya daktari wa mifugo afikirie viroboto kwanza. Anayejiramba nyayo na kutikisa masikio humfanya afikirie mzio wa vitu vya mazingira, kama vile vumbi la ndani, ukungu na chavua, au mzio wa chakula. Harufu ya masikioni ni jambo la tatu: mara nyingi hutokana na fangasi wa jamii ya hamira na bakteria wanaostawi juu ya ngozi iliyokwisha kuchubuka, na joto letu la Pwani lenye unyevu huwapa nafasi nzuri. Maambukizi hayo hutibiwa kwa dawa yake, lakini mzio ulioyaleta usiposhughulikiwa yatarudi.

Kuhusu sindano, mwulize aliyemchoma ilikuwa dawa gani na akuandikie jina lake. Sindano inayotuliza mwasho kwa wiki chache kisha ikaisha nguvu aghalabu ni ya jamii ya steroidi. Si dawa mbaya, na wakati mwingine ni lazima itumike, ila hunyamazisha mwasho bila kuondoa chanzo. Ikirudiwa ovyo humfanya mbwa anywe maji na kukojoa kupita kiasi, huidhoofisha kinga yake, na kama chini ya manyoya kulikuwa na wadudu wa ukurutu, huwaachia njia wazi. Kwa hiyo kabla ya sindano nyingine omba ngozi ikwanguliwe kidogo na kuangaliwa kwa hadubini, ili ukurutu uthibitishwe au uondolewe kwenye hesabu.

Sasa tuanze na viroboto, hata kama unaapa kwamba hujawahi kumwona hata mmoja. Mbwa mwenye mzio wa kiroboto hawashwi na wingi wao. Huwashwa na mate ya yule aliyemuuma, na kuumwa mara chache tu kunatosha kumkosesha usingizi. Zaidi ya hapo, anayejiramba kutwa huwameza, hivyo ukimpekua unakuta manyoya matupu. Fanya hivi: lowesha karatasi nyeupe, iweke chini yake, kisha umchane kiunoni kwa kitana chenye meno yaliyokaribiana. Punje nyeusi zikidondoka na kuyeyuka zikiacha doa jekundu la kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya mbwa wako iliyokwisha kusagwa. Mchanga wa kawaida hauachi wekundu.

Ukiliona doa hilo, ujue kwamba viroboto walio juu ya mbwa ni sehemu ndogo tu ya wote waliopo uani. Jike mmoja hutaga mayai 40 hivi kwa siku, na mayai hayo hayashiki kwenye manyoya, bali huanguka pale mbwa anapolala. Kivuli cha mkorosho, mchanga laini na majani makavu yaliyorundikana ni mahali pazuri mno kwa mabuu yake, ambayo hayastahimili jua kali. Fagia majani yote, hamisha malazi yake kwenye sakafu ya saruji au mahali panapopigwa na jua, na gunia analolalia lichemshwe kila wiki. Sina ubishi na maji ya mwarobaini ya kumwogeshea, watu wengi huyatumia, lakini hayawamalizi waliomo mchangani. Dawa ya viroboto iwe ile iliyoandikwa kwamba ni ya mbwa, ipimwe kwa uzito wake, na irudiwe kwa muda ulioandikwa kwa miezi kadhaa, kwa sababu kiroboto aliyejificha ndani ya kifukofuko anaweza kukaa humo miezi kabla ya kutoka.

Hapa ndipo umoja wenu wa watu watano unapokuwa na kazi kubwa kuliko dawa yenyewe. Mbwa wanne wakitibiwa na wa tano akaachwa, viroboto watazunguka na kurudi. Chagueni siku moja, tieni dawa mbwa wote pamoja na paka waliopo, ila kila mnyama kwa dawa yake, maana baadhi ya dawa za mbwa zenye permethrini humwua paka.

Jirani aliyetaja salfa asidharauliwe. Salfa hupulizwa mikoroshoni kupambana na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, wakati miti inapotoa maua, kuanzia mwezi wa sita hivi, na unga wake huchoma macho, koo na ngozi ya binadamu na mnyama vilevile. Siku ya kupuliza mfungie mbwa ndani au mbali na shamba, na akirudi na unga umwoshe kwa maji mengi. Hata hivyo, mbwa wako anajikuna na mwezi wa pili pia, wakati mabomba ya kupulizia yamewekwa ghalani. Chukua kalenda ya ukutani, kila jioni andika alama kuanzia 0 hadi 10 ya jinsi alivyojikuna, pamoja na jambo lolote jipya la siku hiyo: salfa, mvua, sabuni ya kupigia deki, ubani, chakula. Baada ya miezi miwili kalenda hiyo itamsaidia daktari kuliko kumbukumbu za majirani wote. Na kama mnabangua korosho nyumbani, mbwa asikaribie kabisa, kwa kuwa mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi na kinywa.

Viroboto wakishadhibitiwa na mwasho ukabaki, ndipo tuje kwenye chakula. Mzio wa chakula hauletwi na kitu kipya, kama wengi wanavyodhani. Huletwa na kile alichokizoea, hasa protini: nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku, wakati mwingine ngano. Miongozo mingi hushauri mbwa apewe samaki kwa majaribio, lakini ushauri huo uliandikwa kwa mbwa wa bara wasiojua samaki. Mbwa wa Mikindani au Shangani aliyekua kwa vichwa vya changu na dagaa hatapimika kwa samaki. Mpe nyama ambayo hajawahi kuila, kwa mfano mbuzi, pamoja na viazi vitamu vya kuchemsha, bila chumvi, bila mafuta na bila kitunguu, ambacho ni sumu kwake. Usitumie muhogo usioujua asili yake, kwani muhogo mchungu usioandaliwa vizuri una sumu kwa mbwa kama ulivyo kwa mtu. Jaribio liendelee wiki 8 mfululizo. Akipona, mrudishie chakula cha zamani. Mwasho ukirudi ndani ya wiki mbili, umepata jibu. Asipopona, chakula si mhusika, na usiendelee kumnyima. Mlo huu ni wa majaribio tu: mtoto wa mbwa anayekua hawezi kuishi kwa nyama na viazi peke yake.

Jaribio hili huharibiwa na mkono wa huruma. Kipande kimoja cha utumbo alichorushiwa na mtoto wa jirani katika wiki ya sita hukurudisha mwanzo. Msomaji wetu wa Mikindani, ambaye mbwa wake aligundulika kuwa na mzio wa nyama ya ng'ombe, ameandika kwamba wenzake watatu walikubali kufunga malango yao kwa muda wote huo, na muuza supu wa jirani akaombwa asitupe mifupa nje. Bila wao, anasema, asingefika hata wiki ya pili. Kumfungia uani kuna faida nyingine katika miji yetu. Majirani wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao kwao mate ya mbwa ni najisi yanayolazimu kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa asiyezurura wakati watu wanakwenda msikitini hamkwazi mtu, na ni rahisi zaidi kumwomba jirani asiyekwazwa akusaidie.

Kuhusu chupa ya josho na oili chafu, jibu ni hapana kwa yote mawili. Dawa ya ng'ombe imepimwa kwa mnyama wa mamia ya kilo mwenye ngozi nzima; ikipakwa kwenye ngozi iliyochubuka ya mbwa wa kilo 15, ambaye baadaye atajiramba, huingia mwilini na kuleta mate mengi, kutetemeka, degedege, hata kifo. Oili chafu ina madini na kemikali zinazodhuru ini na figo, na ule wepesi mnaouona ni wadudu wachache kuzibwa pumzi huku mbwa akimeza mafuta. Rudisha chupa kwa shukrani. Gharameni pamoja usafiri wa daktari wa mifugo wa halmashauri aje awaone mbwa wote watano kwa siku moja, na kila mmoja awe na daftari la mnyama wake. Dawa iliyoandikwa kwa mbwa mmoja isihame kwenda kwa mwingine.

SWALI: Mbwa wangu wa kuwindia hali kitu tangu juzi, amelegea, na mkojo wake una rangi ya kahawa. Rafiki mfugaji amesema ni mzio, akanipa Piriton. Niendelee?
Msomaji, Nachingwea

JIBU: Usiendelee, na usingoje kesho. Inua mdomo wake utazame ufizi: ukiwa mweupe au wa manjano badala ya waridi, damu yake inaharibiwa. Mkojo wa kahawia pamoja na homa na kulegea humfanya daktari afikirie kwanza babesia, ugonjwa wa vimelea vya damu unaoenezwa na kupe. Kwa mbwa anayeingia porini kuna pia uwezekano wa nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ambao wakati mwingine hulifanya jicho kuwa na ukungu wa buluu. Dawa za magonjwa haya zipo, lakini moja inayouzwa sana kwa ajili ya ng'ombe ina nafasi finyu kati ya kipimo kinachoponya na kinachoua mbwa, hivyo mtu asikisie. Damu ichukuliwe kabla ya dawa ikiwezekana. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) una kituo Mtwara. Usimpe diklofenaki wala ibuprofeni kwa homa, kwani hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo.

Mzio unaohitaji haraka namna hii hauonekani hivyo. Huanza ndani ya dakika chache baada ya kuumwa na nyuki au kuchomwa sindano: uso huvimba, mbwa hutapika, kisha huanguka. Huyo naye apelekwe mara moja.

SWALI: Mbwa wangu ana mabaka yaliyonyonyoka manyoya, na mimi nimeanza kuwashwa mikononi na tumboni. Je, mzio wake umeniambukiza?
Msomaji, Lindi

JIBU: Mzio hauambukizi. Ukurutu wa mbwa huambukiza, nao huanzia ncha za masikio, viwiko na tumbo, na humpa binadamu vipele vinavyowasha sana ambavyo kwa kawaida huisha mbwa akishatibiwa. Wewe muone daktari wa binadamu, na mbwa aonwe na daktari wa mifugo, katika wiki hiyohiyo. Ukifika ofisi ya mifugo uliza pia chanjo ya kichaa cha mbwa, inayotolewa kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayeng'ata vitu ovyo au kushindwa kumeza, asishikwe na mtu. Toa taarifa kwa afisa mifugo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.