Muhogo mchungu: kuchemsha peke yake hakutoshi

Ndugu mleta mada, umeuliza kwa nini familia yako ilitapika baada ya kula muhogo wa kuchemsha, ilhali jirani aliyekupa pingili za kupanda hula muhogo huohuo mwaka mzima bila kudhurika. Nimekulia Newala, na nadhani jirani yako hakukuficha kitu, ila yeye hauchemshi. Huumenya, huukausha ukawa makopa, kisha huutwanga kupata unga wa ugali.

Muhogo huhifadhi ndani ya seli zake kemikali iitwayo linamarini, na kimeng'enya cha kuivunja kimewekwa mbali nayo, kwenye kuta za seli. Mzizi ukikwaruzwa, ukitwangwa au ukivundikwa hadi ukalainika, seli hupasuka, viwili hivyo hukutana na mwishowe hutoka sianidi, sumu ambayo huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi na kwa hiyo hupaa hewani kwa urahisi. Ukitumbukiza vipande vikubwa katika maji yanayotokota, moto hukiharibu kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi, linamarini nyingi hubaki ndani ya kipande, na bakteria wa utumbo huja kuivunja tumboni mwako.

Haya niliyaonja mwenyewe nikiwa na miaka tisa, mwaka wa ukame, tulipong'oa mihogo ya mpakani mwa shamba na binamu zangu tukaichoma. Ulikuwa mchungu tangu tonge la kwanza, lakini njaa haikutupa nafasi ya kusita. Kabla ya adhuhuri kichwa kilikuwa kikigonga, miguu imelegea, na mdogo wetu anatapika mfululizo. Bibi aliyatazama maganda yaliyotapakaa jikoni, akasema, "Huo ni wa makopa, wajukuu zangu, wa kutafuna ni ule wa nyuma ya nyumba," kisha akaagiza tukimbizwe zahanati. Muhogo mchungu ulipandwa pembezoni makusudi, kwa sababu nguruwe pori na nyani huukwepa. Ukame nao huongeza sumu mzizini, kwa hiyo mwaka ule tulikosea mara mbili.

Kutapika siyo hatari pekee. Watu wanaokula muhogo usioandaliwa vizuri kwa wiki kadhaa, bila samaki wala kunde za kuupa mwili protini yenye salfa ya kuiondoa sianidi, wanaweza kupata konzo, yaani kupooza miguu yote miwili kwa ghafla na kwa kudumu. Ugonjwa huo uliwapata zaidi ya watu 1,000 Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, ukaonekana Tarime mwaka 1985, na baadaye ukafika kwetu Mtwara.

Kuloweka kwa siku tatu au nne ni njia nzuri sana, ila uwanda wetu wa Makonde haukuwa na maji ya kuchezea. Kukausha pekee nako huweza kubakiza sumu, kwa hiyo kwa unga wa makopa iko njia nyepesi ya mtafiti Howard Bradbury wa Australia: unga huloweshwa kwa maji, ukatandazwa kwa unene usiozidi sentimita moja, ukaachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, na ugali ukapikwa siku hiyohiyo.

Kwa hiyo usiing'oe mihogo yako ukaitupa, ifanye makopa, na unga wake uuloweshe hivyo kabla ya kupika. Kisamvu chake pia kinalika, mradi kitwangwe hadi kilainike kabisa kabla ya kubandikwa, na chungu kiachwe wazi.