Ratsasan ya Kitamil au ile ya Akshay Kumar? Jibu langu

Mkuu, umeuliza uangalie Ratsasan, filamu ya Kitamil ya kumsaka muuaji, au uchukue Cuttputlli, toleo lake la Kihindi la Akshay Kumar, kwa kuwa Kihindi angalau unakisikia. Nimeziona zote mbili. Chukua ya Kitamil, hata kama itabidi usome maandishi ya chini mwanzo mwisho.

Hadithi ni moja. Kijana Arun anataka kutengeneza filamu kuhusu muuaji, chumba chake kimejaa vipande vya magazeti vya kesi za mauaji. Maprodyuza wanamkataa, baba yake aliyekuwa polisi ameshafariki, shemeji naye ni polisi, basi ndugu wanambana mpaka anavaa magwanda. Wakati huohuo wasichana wa shule wanaanza kutekwa na kuuawa.

Sasa utamu wote uko kwenye udogo wa cheo chake. Linapatikana boksi la zawadi, ndani kuna kichwa cha mwanasesere kilichochakazwa. Arun anagundua kuwa alivyoumizwa yule mwanasesere ndivyo ilivyoumizwa maiti. Anampelekea bosi wake, ACP Lakshmi, na bosi hataki hata kumsikia. Vishnu Vishal, anayemcheza Arun kwenye ya Kitamil, alikuwa na miaka thelathini na kitu, ana sura ya mtu anayeogopa kukosea mbele ya wakubwa, na unaumia naye. Akshay alikuwa anakaribia miaka 55 Cuttputlli ilipotoka Septemba 2022. Mtu wa jina na umri ule akisimama mbele ya bosi, bosi ndiye anaonekana mgeni kazini. Uchungu wa kutosikilizwa unapotea, na bila huo inabaki filamu ya kukimbizana tu.

Halafu kuna yule mwalimu anayetumia alama za mtihani kuwatishia wanafunzi wa kike. Sisemi zaidi. Mwenye binti, mdogo wake au mpwa shuleni itamkaa kifuani, na ni kipande kinachouma kuliko mauaji yenyewe.

Kitu kingine: achana na toleo lililotafsiriwa na DJ. Nawapenda sana kwenye filamu za ngumi, lakini hapa muziki wa mtunzi Ghibran ni sehemu ya ushahidi, kuna sauti unatakiwa uisikie mwenyewe. Niliwahi kukaa kibanda umiza kwenye filamu nyingine ya mauaji, mtafsiri akatuambia "huyu ndiye adui" hata nusu hatujafika. Watu walibaki wanaangalia tu mradi walishalipa.

Kasoro ipo. Ni ndefu, karibu saa tatu, na mwishoni wamevuta mno maelezo ya utoto wa muuaji, kisha mapigano hayaishi. Lakini saa mbili za kwanza mwongozaji Ram Kumar hakupi nafasi ya kupumua, na huyu ni mtu ambaye filamu yake iliyotangulia, Mundasupatti ya 2014, ilikuwa ya kuchekesha!

Ukiona saa tatu ni nyingi, anza na filamu nyingine ya Kitamil, Dhuruvangal Pathinaaru ya 2016. Haifiki saa mbili. Mwigizaji Rahman ni polisi mstaafu anayesimulia kesi iliyomshinda, na kila kitu utakachokidharau mwanzoni kinakuja kudai nafasi yake baadaye, kwa hiyo simu weka mbali.

Na kwa Ratsasan, usifungue orodha ya waigizaji kabla hujamaliza. Jina moja tu pale linakuharibia filamu nzima.