Kujua na kuamini ni maswali mawili

Mkuu, umeuliza kama ni lazima mtu achague moja: awe muumini, mkanamungu au agnostiki, yaani anayesema haiwezekani kujua kama Mungu yupo. Nimepita kote huko, nikujibu kwa niliyoyaona.

Tenganisha maswali mawili. Je, inawezekana kujua kama Mungu yupo? Na je, wewe unaamini yupo? Uagnostiki unajibu la kwanza. Imani na ukanamungu vinajibu la pili. Ndiyo maana wapo wanaosali huku wakikiri hawana uthibitisho, na wapo wasioamini ambao hawadai kuwa na uhakika. Charles Darwin, mwanasayansi wa nadharia ya mageuzi, aliandika mwaka 1879 kwamba hata alipoyumba sana hakuwahi kukana kuwapo kwa Mungu, ila kadiri alivyozeeka aliona agnostiki ndilo jina linalomfaa, ingawa si kila wakati. Hiyo "si kila wakati" naielewa sana.

Mimi sikutikiswa na sayansi. Georges Lemaître, aliyependekeza mwaka 1931 kwamba ulimwengu ulianzia kwenye chembe moja, alikuwa padri na alibaki padri. Kilichonitikisa ni maumivu ya mama. Alifika mahali maji tu hayapiti kooni, tunamlowanisha midomo kwa pamba, na wageni wanasema "ni mtihani". Jibu hilo sikulikubali, na mpaka leo silikubali. Mkanamungu akisema mateso ya asiye na kosa ni hoja nzito dhidi ya Mungu mwema, simbishii. Niliacha kusali kwa muda mrefu. Lakini mama mwenyewe hakuacha. Sauti ilipokwisha alisali kwa kuchezesha midomo, na nilishindwa kumwona kama mtu aliyedanganyika.

Kuna njia moja nakusihi usiifuate: kuamini kwa sababu tu usipoamini, kisha ikawa Mungu yupo, utapata hasara. Ndiyo hoja maarufu ya dau ya Blaise Pascal, mwanahisabati na mwanafalsafa Mfaransa, iliyochapishwa mwaka 1670 baada ya kifo chake. Haikuambii umwamini Mungu wa dini ipi, na sidhani Mungu anayestahili kuabudiwa anafurahia kuwekewa dau.

Leo nasali. Ukiniuliza kama najua kuna anayesikia, nitakwambia sijui. Ukiniuliza kama naamini, ndiyo.

Kwa upande wako, angalia kama kinachokuvuta ni hoja au ni woga wa kutengwa na ndugu. Woga huo ni wa kweli na unauma, ila hauthibitishi chochote. Soma pande zote, zungumza na wanaoishi wanachokisema, na usikubali mtu akuharakishe.