Siku saba za kurudisha, saa 200 za kusubiri

SWALI: Shikamoo fundi. Mwezi uliopita nilinunua hedifoni za Sennheiser HD 650 kwa mgeni aliyekuwa akihama kurudi kwao. Alikuwa amezitumia miaka sita hivi. Nasikilizia kwenye simu kwa adapta ya USB-C. Upande wa kushoto ulikuwa unakatakata, na sauti yote imesongamana, mwimbaji kama anaimbia ndani ya ndoo. Besi ya amapiano ndiyo siisikii kabisa. Duka moja limeniuzia waya wa fedha kwa shilingi 380,000 na kweli kukatakata kumekoma. Wanasema usongamano utaisha waya ukishazoea, yaani ukishapigiwa muziki saa 200, kisha ninunue amplifaya ya milioni moja na laki mbili kwa kuwa simu haiwezi kusukuma hedifoni zenye ukinzani wa umeme wa omu 300. Waya una siku saba za kurudisha, leo ni ya nne. Nifanyeje?
Msomaji, Arusha

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Neno lenyewe nilikutumia kwenye simu siku ileile ili muda usikupite: rudisha waya. Haya mengine nayaandika kwa kirefu kwa sababu habari ya saa 200 naletewa karibu kila wiki, na safari hii imenifika shingoni.

Piga hesabu. Saa 200 mfululizo, usiku na mchana, umeme usikatike hata mara moja, ni siku nane na saa nane. Muda wako wa kurudisha ni siku saba. Aliyekutajia saa hizo huenda anaziamini mwenyewe, maana naye kazisikia kwa mwingine. Lakini tazama zinavyofanya kazi. Ukilalamika siku ya tatu, unaambiwa bado. Siku ya sita, bado kidogo. Siku ya tisa unarudi dukani, unaoneshwa tarehe kwenye risiti. Dawa gani hii ambayo mgonjwa haruhusiwi kusema haijamsaidia mpaka mganga awe ameshakula hela?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba ushuhuda haukosekani. Mtu anakuja hapa ananiambia, "Fundi, niliziweka ndani wiki mbili kama mwali, zimetoka zinaimba." Namwamini kwamba kasikia tofauti. Ila kilichobadilika ni yeye. Ukitoka kwenye hedifoni za bei rahisi zilizovimba besi ukavaa HD 650, siku za kwanza unaona sauti kavu, haina nyama. Wiki mbili baadaye ubongo umeshaikubali kuwa ndiyo kawaida. Ukihamia jirani na mashine ya kusaga, wiki ya kwanza hulali, wiki ya tatu huisikii tena, na mashine haijapunguza kelele hata kidogo.

Nimewahi kulipima jambo hili mwenyewe. Hedifoni mpya kutoka kwenye boksi nilizipima kwa maikrofoni, nikaziacha zikipiga siku nne, nikazipima tena. Tofauti niliyoipata ilikuwa ndogo kuliko ile ninayoipata nikizivua na kuzirudisha palepale zikakaa nusu sentimita pembeni. Kiwambo chembamba kilichomo ndani kinaweza kulegea chembe mwanzoni, hilo silikatai, lakini si kwa kiasi cha kumtoa mwimbaji kwenye ndoo. Na zako zimepigwa miaka sita! Zilibakiza kitu gani cha kuzoea? Huo waya ndio kabisa: ni uzi wa madini ndani ya plastiki, hauna kinachocheza wala kinacholegea.

"Lakini fundi, kukatakata kumekoma." Ndiyo, kumekoma, na hapo ndipo watu wengi wanaponaswa, kwa sababu dawa ya uongo imeponya ugonjwa wa kweli. Waya wa HD 650 unachomekwa kwenye kila kikombe kwa plagi ndogo ya pini mbili, moja nene na moja nyembamba ili usiigeuze. Miaka sita ya jasho na vumbi, pini hizo hulegea na kuota utando. Waya wowote mpya, hata ule wa kawaida kabisa, ungekuponyesha vilevile. Urudishie waya wa zamani ufanye hivi: plagi ya kushoto ichomeke kikombe cha kulia, ya kulia ichomeke kushoto. Ukatikaji ukihamia upande wa pili, ubovu uko kwenye waya. Ukibaki kushoto, ubovu uko kwenye tundu la kikombe au ndani zaidi, na hapo waya wa dhahabu usingesaidia. Ukishajua, safisha pini kwa spiriti, chomeka na kuchomoa mara kumi. Kama uzi umekatika ndani ya plagi, fundi anayejua kulehemu atakufanyia wakati unasubiri.

Kuhusu fedha yenyewe: inapitisha umeme kuliko shaba kwa asilimia sita hivi. Tuseme waya wako wa shaba una ukinzani wa omu 1. Mbele ya hedifoni za omu 300, omu hiyo inakuibia desibeli 0.03 za ukubwa wa sauti. Hakuna mwanadamu anayesikia desibeli 0.03, na waya wa fedha ungekurudishia sehemu ndogo tu ya hizo.

Sasa usongamano. Hujaniambia umri wa mito ya masikio, lakini kwa maelezo yako naweza kuweka dau kwamba ni ileile aliyokuja nayo mgeni wako. Ibonyeze kwa kidole. Mito mizima hupanda tena na kukaa juu, iliyokwisha hubaki imelala kama godoro la gesti. Sifongo ikilala, sikio linasogea karibu na dreva, yaani kile kispika kidogo cha ndani, nafasi ya sauti inafinyika, na mlio ambao wahandisi waliupanga kwa umbali fulani unakufikia ukiwa mwingine. Ni kitu kinachochakaa kama tairi na kinauzwa kama spea. Badilisha mito yote miwili kwa pamoja, na ukiifungua tazama kile kipande chembamba cha sifongo kinachokinga dreva. Kwa umri huo mara nyingi kimeanza kupukutika. Angalia na nywele. Usicheke. Nimeletewa hedifoni za bei ya pikipiki zinazokoroma kwenye besi, mwenyewe ameshabadilisha amplifaya mara mbili, na nilichokikuta ni unywele mmoja uliokuwa ukigusa kiwambo. Niliutoa kwa kibanio, nikaona hata haya kutaja bei. Kama unavaa miwani au kofia, jaribu pia kuvua: mwanya mdogo kati ya mto na shavu unaitoa besi kuliko unavyodhani.

Besi ya amapiano ina jambo lake la ziada. HD 650 ni hedifoni za mgongo wazi, vikombe vyake havijazibwa kwa nje, na zile sauti za chini kabisa, chini ya Hz 60 (mitetemo 60 kwa sekunde) hivi, zinaanza kupungua kwa maumbile yake. Hazijaharibika, ndivyo zilivyo. Tumia ikwalaiza, kile kirekebishi cha besi na sauti za juu: pandisha kila kilicho chini ya Hz 100 kwa desibeli 4 au 5, na hapohapo shusha sauti kuu kwa kiasi hichohicho ili ngoma isipasuke. Hatua hii ya pili ndiyo watu wanairuka, kisha wanasema ikwalaiza inaharibu muziki. Kwenye kompyuta ya Windows, programu ya Equalizer APO inafanya kazi hiyo bila malipo. Wapo wanaojiita watu wa sauti safi ambao kwao ikwalaiza ni najisi, lakini waya wa laki nne ni halali. Mimi siwaelewi.

Amplifaya. Omu 300 inatisha kwa kuitaja tu, ndiyo maana inauza. Cha kuuliza ni hedifoni zinatoa sauti kiasi gani kwa umeme kiasi gani. HD 650, kwa vipimo vya kiwanda, zinatoa desibeli 103 kwa volti 1. Adapta nzuri ya USB-C inatoa karibu volti 1 hiyohiyo. Kupanda hadi kilele cha desibeli 110, ambacho huna haja nacho, zinahitaji miliwati 17 tu. Linganisha na HiFiMan HE-6, hedifoni za omu 50 tu, namba ndogo isiyomtisha mtu: kufika hapohapo zinataka karibu miliwati 450. Hizo ndizo za kununulia amplifaya. Wewe, kama sauti inafika pale unapotaka na bado kitufe kina nafasi, tatizo lako si nguvu. Kama haifiki, chunguza adapta kwanza. Ile ya Apple ikichomekwa kwenye simu nyingi za Android huanza na sauti iliyobanwa mno, na watu huilaumu hedifoni.

Faili nitazipitia haraka. Wimbo uliobanwa hadi 128 kbps ukiugeuza kuwa FLAC, faili isiyopunguza sauti, unabaki wimbo wa 128 kbps uliovaa koti kubwa. Maziwa yakishaingia kwenye chai hayatoki. Na ukisikiliza kanda za dansi za miaka ya sabini, nyingi ni mono, sauti ileile masikio yote mawili, na zina mvumo wa utepe. Hedifoni nzuri itakuonesha mvumo huo vizuri zaidi.

Nitoke kwako niseme na wengine, kwa sababu najua wanaosoma hapa wana hedifoni nyingine na maduka mengine. Ukienda kujaribu kifaa cha bei, muuzaji akakuvalisha kwanza amplifaya ya laki mbili kisha ya milioni mbili, kuwa macho na kitufe cha sauti. Kifaa cha pili kikiwa juu kwa desibeli 1 tu, hutasema kimepaza. Utasema kina uwazi, kina pumzi, kina uhai. Sikio ndivyo lilivyo, na mimi mwenyewe nimedanganyika hivyo. Desibeli 1 ni tofauti ya asilimia 12 ya volti, na multimita ya kawaida, kile kipimio cha umeme cha mafundi, inaiona. Piga mlio wa Hz 100, maana multimita za bei rahisi hazipimi vizuri milio ya juu, sawazisha volti za vifaa vyote viwili, kisha mtu mwingine awe anabadilisha bila wewe kuona. Nimewafanyia wateja jaribio hili mara nyingi. Wengi hutoka wamenyamaza.

Bei nayo isikutawale. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha katika jarida la Acoustical Society of America, chama cha wataalamu wa sauti cha Marekani, matokeo ya kulinganisha hedifoni 283, na hakukuta uhusiano wa maana kati ya bei ya dukani na mpangilio wa sauti zinazotoa. Hedifoni za bei zinaweza kuwa na mito mizuri, vyuma imara na spea za miaka ishirini, na hizo ni sababu halali za kulipa. Lakini mtu asikuambie kwamba ukiongeza milioni moja sauti nayo itaongezeka kwa milioni moja.

Na kuna wale ambao hedifoni zao hazina ubovu wowote. Mwaka jana mzee mmoja mwenye mashine ya kukoboa aliniletea hedifoni, upande wa kushoto uko chini. Mafundi wawili walishazifungua, mmoja akambadilishia dreva. Nilimwambia azivae kinyume, ya kushoto iende sikio la kulia. Akasikiliza kidogo, akasema, "Bado kushoto." Nikamwomba ageuze tena. Bado kushoto. Miaka yote hiyo alikuwa akipandisha sauti ili kulifidia sikio hilo. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 usizidishe saa 40 kwa wiki, na desibeli 90 usizidishe saa 4. Huyu alikuwa anakaa kwenye mashine tangu asubuhi, jioni anavaa hedifoni na kufungulia.

Fanya jaribio hilo na wewe, kabla ya kununua hata hiyo mito. Upungufu ukihama na hedifoni, zilete kwangu au kwa fundi yeyote mwenye multimita. Ukibaki kwenye sikio lilelile, usiniletee mimi, na usichokonoe kwa pamba wala kumwagia mafuta ya mtu wa sokoni. Yule mzee nilimrudishia pesa yake ya ukaguzi, nikamwandikia nyuma ya risiti: kliniki ya masikio, pua na koo, kesho asubuhi.