Jibu: Galoni ni lita 3.785 au 4.546?

Mkuu umeuliza kwa nini kikokotoo kimoja kinakwambia galoni ni lita 3.785 na kingine lita 4.546, ukadhani kimoja kimekosea. Hapana, vyote viko sawa, hizo ni galoni mbili tofauti kabisa. Wamarekani walibaki na galoni ya zamani ya mvinyo, ile ya inchi za ujazo 231 (ndo lita 3.785), walishaizoea tangu enzi za ukoloni, halafu Waingereza wenyewe mwaka 1824 wakaziacha galoni zao za zamani wakaweka moja mpya, ujazo wa maji yenye uzito wa pauni 10, ndo hiyo inaitwa imperiali (lita 4.546).

Sasa hapa ndo wengi wanateleza, painti (moja ya nane ya galoni) ya Uingereza ina aunsi za ujazo 20 (ml 568) na ya Marekani ina 16 (ml 473), ila ukipima aunsi moja moja, ya Marekani ndo kubwa kidogo, ml 29.57 kwa 28.41! Yani usikariri kwamba cha Uingereza ni kikubwa siku zote. Tani nayo inatofautiana, pauni 2240 Uingereza, 2000 Marekani.

Urefu usikuumize kichwa, inchi ni milimita 25.4 kote tangu makubaliano ya 1959.

Mi napenda metriki (mfumo wa mita na lita) kwa sababu ni makumi tu, unahamisha nukta basi umemaliza. Ukikuta galoni kwenye maelezo ya injini au tangi, angalia kwanza yametoka nchi gani ndo upige hesabu ya lita.